Tangi la samaki lenye mimea: la udongo, la sponji au la gesi? Pima kwanza kazi ya usafi

Anayetaka tangi la samaki lenye mimea kwa kawaida huanza na picha. Ameona zulia la majani mabichi, mawe yamepangwa yakawa vilima, kundi la samaki wadogo wekundu linapita juu yake, na anakwenda dukani kuulizia lile lile. Asichoambiwa ni kwamba tangi la namna ile huguswa na mkono wa mtu karibu kila siku, na picha hupigwa likiwa limetoka kupunguzwa majani na kufutwa vioo. Mimi nashauri uanzie upande wa pili: jiulize ni kazi gani ya usafi utaimudu wiki hadi wiki, bombani kwako yanatoka maji gani, na umeme wa mtaa wenu ukoje. Ukishajibu hayo, uchaguzi unabaki mdogo.

Nalinganisha aina tatu. La kwanza ni tangi la udongo: chini kuna udongo wa bustani uliochekechwa, usio na samadi, kina cha sentimita 2 hadi 3, juu yake mchanga au changarawe kiasi hicho hicho, mimea mingi tangu siku ya kwanza, taa ya kawaida na hakuna gesi ya hewa ukaa. Wafugaji wengi huiita njia ya Walstad, kwa jina la Diana Walstad wa Marekani aliyeieneza. La pili nitaliita tangi la sponji: changarawe tupu, mimea inayokua polepole kama Anubias na kangaga la Java iliyofungwa kwenye gogo au jiwe, na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. La tatu ni tangi la gesi: taa kali, mtungi wa hewa ukaa, mbolea ya maji, na filta ya nje inayovuta na kurudisha maji kwa mipira.

Tofauti kubwa kati ya haya matatu ni taa. Mwanga ndio unaoamua kasi ya kila kitu ndani ya maji. Mmea ukimulikwa sana unataka hewa ukaa na mbolea za kulingana na mwanga huo. Kimoja kikipungua, unasimama kukua, na mwani, ambao hautaki mengi, unatanda juu ya majani yake. Ndiyo maana anayenunua taa kali peke yake, bila gesi wala mbolea, huishia kukwangua kioo kila siku ya Jumapili na bado tangi halipendezi.

Hesabu ya ndoo

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina ujazo wa lita 54. La sentimita 120 kwa 45 kwa 45 lina lita 243. Shika namba hizo mbili, kwa sababu kubadilisha maji ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Kwenye tangi la gesi unabadilisha nusu ya maji kila wiki. Utaratibu huo ulienezwa na Mmarekani Tom Barr, na mantiki yake ni rahisi: mimea inayokimbia hivyo hupewa mbolea ya kutosha na ziada, halafu mabadiliko ya nusu kila wiki yanazuia ziada isirundikane. Ukifanya hesabu, hata kama mimea isile chochote, mbolea haiwezi kamwe kuzidi mara mbili ya unachotia kwa wiki. Kwa tangi dogo, nusu ni kama ndoo moja ya lita 20 na theluthi. Kwa tangi kubwa ni ndoo sita za kutoa na ndoo sita za kurudisha, kila wiki, hata wiki ya msiba na wiki ya Sikukuu. Kama nyumba yenu mnanunua maji kwa dumu, au mnakaa ghorofa ya tatu na maji hayapandi, hapo tayari una jibu.

Tangi la sponji linaridhika na robo ya maji kila wiki au kila wiki mbili, kulingana na wingi wa samaki. La udongo lina tabia yake: mwezi wa kwanza linahitaji mabadiliko mengi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu udongo mpya huachia amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Baada ya hapo mimea ikishika mizizi, inaila amonia yenyewe, nawe unaweza kukaa mwezi au zaidi bila kubadilisha maji.

Hapo kwenye "kukaa bila kubadilisha" kuna mtego unaowakamata hasa watu wa pwani. Maji yanapovukizwa na joto, madini hayaondoki nayo. Ukijazia kwa maji ya kisima yenye chumvi, kila ndoo inaongeza madini juu ya yale yaliyobaki, na baada ya miezi kadhaa tangi lina maji mazito kuliko kisima chenyewe. Dalili utaiona juu ya mstari wa maji, kioo kinashika utando mweupe mgumu. Dawa ni kujazia kwa maji ya mvua. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa, kinga inayofuata, iweke kwenye pipa lenye mfuniko. Utando ule mweupe unatoka kwa siki kwenye kitambaa, tangi likiwa limepunguzwa maji ili siki isidondokee ndani. Sabuni ya aina yoyote usiikaribishe, hata kwa nje ya kioo tumia kitambaa kibichi tu.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua bakteria wa filta wanaosafisha maji na kuunguza mashavu ya samaki. Ukibadilisha kidogo, ndoo iliyokaa wazi siku nzima inatosha, kwa kuwa klorini hupaa. Lakini kama mamlaka yenu ya maji inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hiyo haipai, na unahitaji dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Kwa tangi la gesi, ambako unaingiza maji mengi kwa mkupuo, mimi nisingebahatisha: dawa kila mara.

Umeme ukikatika

Ulinganisho mwingi wa kigeni haugusi jambo hili, na kwetu ndilo linaloua samaki wengi.

Filta ya nje ya tangi la gesi ni kopo lililofungwa. Ndani yake bakteria wanageuza amonia ya samaki na ya mabaki ya chakula kuwa nitriti, kisha nitreti, ambayo haina madhara makubwa na ni chakula cha mimea. Kazi hiyo inataka oksijeni, na oksijeni inaletwa na maji yanayopita. Umeme ukizimika saa nyingi, maji yaliyonaswa humo yanaishiwa oksijeni, bakteria wanaanza kufa, uchafu unaoza. Umeme unaporudi, filta inasukuma maji hayo yote kwenye tangi. Kwa hiyo kama umeme ulikatika usiku kucha, chomoa filta kabla haujarudi, fungua kopo, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe.

Gesi nayo ina lake. Mtungi wenye vali ya umeme unajifunga wenyewe umeme ukikatika. Usio na vali hiyo unaendelea kutoa gesi gizani, wakati mimea imeacha kuitumia na yenyewe inavuta oksijeni. Asubuhi unakuta samaki wote wako juu wanahema. Ukiamua kununua gesi, usinunue bila vali ya umeme.

Sponji inakaa ndani ya tangi, wazi, kwa hiyo bakteria wake wanavumilia zaidi, na kuna pampu ndogo za hewa zinazotumia betri. Tangi la udongo lenye samaki wachache ndilo linalostahimili vizuri kuliko yote, mchana hasa, maana mimea yenyewe inatoa oksijeni kama kuna mwanga wa dirisha.

Usisahau joto. Maji ya nyuzi 25 yanabeba miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.6. Tangi la sebuleni Dar es Salaam au Mombasa linafika nyuzi 29 na 30 bila kuwekewa hita, na katika joto hilo samaki wanahitaji oksijeni zaidi huku maji yakiwa nayo kidogo. Mimea mingi ya zulia inapenda nyuzi 22 hadi 26. Kwa sababu hiyo tangi la gesi naliona linawafaa zaidi watu wa Nairobi, Arusha au Mbeya kuliko sisi wa pwani, labda chumba kiwe na kiyoyozi.

Kusafisha chini na kusafisha filta

Tangi la sponji ndilo rahisi kusafisha chini. Unaingiza mpira wenye mdomo mpana, unauzamisha kwenye changarawe hadi chini kabisa, uchafu unapanda na maji, changarawe inaanguka tena mahali pake. Unafanya robo ya tangi leo, robo nyingine wiki ijayo. Mimea haiko kwenye changarawe, iko kwenye gogo, hivyo hakuna mzizi wa kusumbua. Na iwe hivyo: shina nene la Anubias na la kangaga la Java likifukiwa huoza.

Kwenye tangi la gesi mpira unapita juu tu, sentimita moja au mbili kutoka kwenye zulia, unavuta kinachoelea. Mkono wa pili unapepea majani taratibu ili uchafu uliojificha uinuke.

Kwenye tangi la udongo usichimbe kabisa. Kinachoanguka chini ndiyo mbolea. Unachofanya ni kuondoa majani yaliyokufa na kuangalia kama udongo unapumua. Mara moja moja chukua kijiti chembamba, ukichome hadi kwenye udongo mahali pasipo na mizizi mingi. Viputo vichache visivyo na harufu si tatizo. Vikinuka yai viza, ni haidrojeni salfaidi, na udongo wako ni mzito au umefunikwa kwa mchanga laini kupita kiasi. Choma sehemu ndogo ndogo siku tofauti, usiachie gesi yote kwa siku moja, na fuga konokono wa mchangani, yule mrefu mwenye ncha, anayejizika mchana na kupindua mchanga usiku.

Filta ya aina yoyote huoshwa kwa maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Wakati wa kubadilisha maji, tia lita tano kwenye beseni, zamisha sponji, ikamue mara tatu nne mpaka maji yawe na rangi ya chai kavu, kisha irudishe. Ikibaki na weusi kidogo ni sawa, bakteria wanakaa humo. Anayeipeleka bombani na kuisugua mpaka ing'ae anarudisha tangi kwenye hali ya siku ya kwanza, na tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kupata bakteria wa kutosha. Sponji inachukua dakika tano kila wiki mbili au tatu. Kopo la nje linataka nusu saa kila mwezi au miezi miwili, pamoja na kusafisha mipira yake kwa brashi ndefu na kuangalia mpira wa kuziba kama haujakauka. Na kabla mkono haujaingia majini, chomoa kila kitu ukutani.

Mwani: kila tangi na wake

Utando wa kahawia unaopakaa kwenye kioo na mchanga katika wiki za mwanzo huja kwenye tangi lolote jipya. Ufute kwa sponji mpya, utaondoka wenyewe tangi likikomaa. Vidoto vya kijani vilivyoganda kwenye kioo vinataka kukwanguliwa: kadi ya benki iliyokwisha muda inatosha, wembe ni kwa vioo tu, kwenye tangi la plastiki unaacha michirizi.

Tangi la sponji husumbuliwa na mwani kwenye majani, kwa kuwa jani la Anubias linakaa miezi mingi na mwani unapata muda wa kujijenga. Tiba ni kupunguza taa iwe saa 6 kwa siku, kwa taima, na kuweka mimea hiyo kwenye kivuli cha gogo. Jani lililokwisha kuliwa na mwani likate tu.

Tangi la gesi likiyumba, gesi leo nyingi kesho kidogo, unaota mwani mweusi wa manyoya kwenye kingo za majani na magogo. Huo ni mgumu. Wakati wa kubadilisha maji, sehemu iliyoshikwa ikiwa juu ya maji, pakaa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa kwa brashi au bomba la sindano, subiri dakika chache, kisha jaza maji. Kiasi chote kisizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi. Ukigeuka mwekundu au mweupe baada ya siku chache, umekufa. Lakini utarudi kama gesi haijatulia. Ndiyo maana chupa ya sukari na hamira, ambayo wengi huitumia badala ya mtungi, siipendekezi pwani: kwenye joto hamira inachacha kwa kasi siku za kwanza kisha inazimika, na kuyumba huko ndiko mwani mweusi unakokupenda. Wenye mtungi wanalenga kama miligramu 30 za hewa ukaa kwa lita, gesi ikifunguliwa saa moja au mbili kabla ya taa na kufungwa kabla taa hazijazimwa.

Tangi la udongo mwanzoni linaweza kugeuka maji ya kijani kabisa. Mimea inayoelea hulisafisha vizuri, inakunywa mbolea na kukinga mwanga, nawe unachota ziada kila wiki. Ziada hiyo ianike juani mpaka ikauke, uizike bustanini. Usiimwage mtoni, mtaroni wala ziwani. Magugu maji yaliyoziba ghuba za Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika Kusini ambao watu waliusambaza kwa uzuri wa maua yake, na mimea ya tangi inaweza kufanya vivyo hivyo.

Wasaidizi hai wapo. Uduvi wa Amano, aliyepewa jina la Mjapani Takashi Amano kwa kuwa ndiye aliyemtumia na kumtangaza kama mla mwani, ni hodari kwa mwani wa nyuzi. Konokono mwenye michirizi ya pundamilia, ambaye asili yake ni mikoko ya pwani yetu kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, hakwangui mimea, anakwangua kioo, na mayai yake hayaanguliwi kwenye maji yasiyo na chumvi, hivyo hakujazii tangi. Ila konokono wa kuokota kwenye bwawa, mto au shamba la mpunga usimlete nyumbani. Miongoni mwao ndimo walimo wabebaji wa kichocho, na wewe utatumbukiza mkono kwenye maji hayo kila wiki. Mimea uliyochuma porini isuuze, iweke kwenye ndoo peke yake wiki kadhaa, uondoe kila konokono na kila utelezi wa mayai unaouona kabla ya kuitia tangini.

Mkasi na mbolea

Kwa gesi utakata mimea kila wiki moja au mbili. Mashina yanakatwa juu ya kifundo, kichwa kinapandwa tena, zulia linanyolewa kabla tabaka la chini halijakosa mwanga na kung'oka lote. Wapo wanaoipenda kazi hii kuliko kuangalia samaki, na kwa hao gharama yote ina maana. Sponji haikuombi mkasi kwa miezi.

Mbolea ya mifuko ya duka la pembejeo, NPK au urea, usiitie majini kwenye tangi lolote. Naitrojeni yake huja kama urea na amonia, na samaki hawatafika asubuhi.

Nani achukue lipi

Mwenye maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu vizuri: chukua la udongo au la sponji, panda Vallisneria na Ceratophyllum, fuga guppy au molly. Hao wote wanapenda maji magumu, na utaacha kupigana nayo. Mwenye watoto wadogo wanaotaka kulisha samaki wenyewe achukue la sponji, kwa sababu chakula kitazidi na changarawe inanyonyeka. Anayesafiri mara kwa mara achukue la udongo, samaki wachache, na taima. Mwenye maji ya kutosha, umeme wa uhakika, chumba cha baridi na saa mbili kila wiki, achukue la gesi; kabla ya kununua mtungi aulizie kwanza mafundi wanaojaza mitungi ya kuzimia moto kama wanaweza kuujaza.

Na kama huna uhakika, anza na sponji. Ndilo pekee unaloweza kuligeuza kuwa jingine bila kubomoa. Kwenda kwenye gesi unaongeza gesi kwanza, taa baadaye. Kurudi nyuma ni kinyume: shusha taa, subiri wiki mbili, ndipo upunguze gesi. Kwenye tangi la udongo, mmea usioutaka usiung'oe, ukate usawa wa mchanga na uiache mizizi, maana ukiung'oa unapandisha udongo wote na amonia yake.